Hifadhidata ipi ikae nyuma ya michoro yako ya Visio: Access, SQLite, SQL Server Express au PostgreSQL?

Mchoro wa mtandao wa ofisi ukishapita kurasa chache, watu huanza kuudai mambo ambayo peke yake hauwezi kuyatoa. Mhasibu anauliza swichi za ghorofa ya pili zilinunuliwa lini. Fundi anataka kujua poti namba 14 inaishia chumba gani. Mkuu wa idara anataka orodha ya vifaa vyote ambavyo dhamana yake inaisha mwaka huu. Hapo ndipo linapoingia wazo la programu-jalizi, yaani programu ndogo ya nyongeza, inayokaa ndani ya Visio (programu ya Microsoft ya kuchora michoro) na kuliunganisha kila umbo na rekodi yake kwenye hifadhidata. Ukibadilisha jina la kifaa kwenye mchoro, rekodi inabadilika. Ukibadilisha rekodi, mchoro unafuata.

Programu-jalizi za aina hii, iwe umeinunua au imeandikwa na kijana wa hapo hapo ofisini, hukuuliza swali moja mapema sana: data ikae wapi? Wengi hujibu upesi, kwa kushika kilicho karibu na mkono. Mimi nasema hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu mambo mengine yote utaweza kuyarekebisha kwa nusu saa, lakini kuihamisha hifadhidata wakati watu kumi wanaitegemea ni shughuli ya wikendi nzima.

Msimamo wangu ni huu: usichague kwa ukubwa wa data, wala kwa kasi iliyotangazwa. Chagua kwa kuangalia ni watu wangapi wataandika kwa wakati mmoja, wamekaa wapi, na nani atakayeitunza. Ukubwa si hoja kabisa. Chukua vifaa 5,000, kila kimoja na rekodi ya takriban kilobaiti moja: jumla ni megabaiti 5 hivi. Access inafika gigabaiti 2, SQL Server Express hadi toleo la 2022 inafika gigabaiti 10 kwa hifadhidata moja. Labda uwe unahifadhi picha za kila rafu ya vifaa ndani ya majedwali, jambo ambalo sikushauri. Picha zikae kwenye folda, jedwali libebe njia ya kuzifikia tu.

Kwanza, je, unahitaji programu-jalizi?

Tangu Visio 2007, toleo la Professional lina uwezo wake lenyewe wa kuunganisha maumbo na data ya nje: Excel, Access, orodha za SharePoint, SQL Server, na chanzo chochote chenye draiva ya ODBC au OLE DB, yaani njia za kawaida za Windows za kuunganisha programu na hifadhidata. Unavuta rekodi, unaidondosha juu ya umbo, na sehemu za data za umbo zinajaa. Kama kazi yako ni kuonyesha tu, yaani data inatunzwa kwingine na mchoro unaisoma, hiyo inakutosha na haina gharama ya ziada juu ya leseni uliyo nayo.

Ukomo wake ni kwamba njia hiyo ni ya upande mmoja. Data inatoka kwenye chanzo kuja kwenye mchoro. Fundi akisahihisha namba ya chumba kwenye umbo, sahihisho hilo halirudi kwenye jedwali, na siku data itakapovutwa upya litafutwa. Isitoshe, toleo la Standard halina uwezo huo. Programu-jalizi inapata maana pale unapotaka kuandika kutoka kwenye mchoro, kuzuia namba za vifaa zisijirudie, au kuweka kumbukumbu ya nani alibadilisha nini. Ila ujue kuwa programu-jalizi za COM, yaani za mfumo wa Windows wa kuunganisha programu, hufanya kazi kwenye Visio iliyosakinishwa kwenye Windows tu. Anayefungua mchoro kwenye kivinjari hataiona.

Access: rahisi kuanza, ngumu kugawana

Unaliweka faili moja la .accdb kwenye folda ya pamoja, unaielekeza programu-jalizi hapo, na kazi imeanza kabla ya chai ya saa nne. Hakuna seva ya kusakinisha wala poti ya kufungua. Tena mtu asiyejua SQL anaweza kulifungua faili hilo, akatengeneza fomu yake na ripoti yake. Kwa hilo, hakuna hata moja kati ya tatu zilizobaki inayoifikia, na ni haki kusema hivyo, maana wataalamu wengi huidharau Access bila kuangalia imewabeba watu wangapi.

Tatizo liko kwenye ugawanaji. Access haina seva inayopokea maombi. Kila kompyuta hufungua faili lenyewe kupitia mtandao, ikasoma na kuandika vipande vyake moja kwa moja, na watumiaji hupatana kwa faili dogo la kufuli lenye kiambishi .laccdb. Microsoft wanataja kikomo cha watumiaji 255 kwa pamoja. Huo ni ukomo wa kiufundi, si idadi ya kupangia kazi. Laptopu moja ikipoteza Wi-Fi katikati ya kuandika, au umeme ukikatika kwenye ofisi isiyo na UPS, faili linaweza kuharibika kwa kila mtu. Amri yake ya kubana na kukarabati huliokoa mara nyingi, lakini si mara zote.

Na kama una tawi Mwanza linalofikia folda iliyoko Dar es Salaam kwa VPN, yaani mtandao wa ofisi unaopitishwa kwenye intaneti, usijaribu. Vipande vya faili na faharasa zake vitasafiri njia nzima ili kompyuta ya Mwanza itafute rekodi moja. Utapata ucheleweshaji usiovumilika, na hatari ya kuharibu faili kila muunganisho unapokatika.

SQLite: imara sana mahali pake

SQLite iliandikwa na D. Richard Hipp mwaka 2000, haina leseni ya kulipia, na leo imo ndani ya simu karibu zote zilizoko mifukoni mwa watu. Nayo ni faili moja, kama Access, ila inatunza jarida la mabadiliko, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kuandika, ukiwasha tena utakuta ama mabadiliko yote yameingia ama hakuna lililoingia. Programu-jalizi iliyoandikwa kwa .NET inaweza kubeba maktaba yake ndani, pasipo draiva ya kusakinisha kwenye kila kompyuta. Kwa mchoraji mmoja kwenye kompyuta moja, sioni sababu ya kutafuta kingine.

Lakini watu huliona ni faili, wakaliweka kwenye folda ya pamoja. Waandishi wa SQLite wenyewe wanatahadharisha juu ya hilo, kwa sababu kufuli za mafaili kwenye mifumo mingi ya mtandao haziaminiki. Ile hali ya WAL, inayoruhusu wasomaji kuendelea wakati mmoja anaandika, inadai watumiaji wote wawe kwenye kompyuta moja. Na kwa hali yoyote, mwandishi huwa mmoja kwa wakati mmoja.

Walioandika Enterprise Architect, programu ya michoro ya mifumo kutoka Sparx Systems ya Australia, walikabili swali hili hili. Kuanzia toleo la 16, mradi wa kawaida wa programu hiyo huhifadhiwa kwenye faili la .qea, ambalo ndani yake ni SQLite, badala ya faili za kizamani zilizotegemea injini ile iliyokuwa ya Access. Timu zinazofanya kazi pamoja zinaelekezwa kwenye seva: SQL Server, PostgreSQL, MySQL, Oracle. Naiona kuwa mgawanyo sahihi.

SQL Server Express: kwa ofisi iliyokwisha kuwa ya Windows

Hii ni SQL Server ya kweli, bure, iliyowekewa mipaka: gigabaiti 10 kwa hifadhidata hadi toleo la 2022, haitumii zaidi ya viini vinne vya prosesa, na kumbukumbu ya kuhifadhi data yake ni takriban gigabaiti 1.4. Kwa michoro ya ofisi, mipaka hiyo hutaigusa.

Faida yake kubwa ni utambulisho. Kama ofisi ina domeni ya Windows, yaani akaunti za watumiaji wote zinasimamiwa na seva ya ofisi, mtumiaji akishaingia kwenye kompyuta yake amekwisha kutambuliwa na hifadhidata. Unatengeneza kundi moja la wachoraji na lingine la wasomaji, unayapa ruhusa, basi. Hakuna nywila ya pili ya kukumbuka, na mtu akiacha kazi akaunti yake ikifungwa kwenye domeni, mlango wa hifadhidata umefungwa nao. Jambo hili pekee linatosha kunifanya niishauri kwa ofisi nyingi za serikali na mashirika yanayotumia domeni.

Usakinishaji una mitego inayojulikana, na inarudi kila mara. Ukiisakinisha kwa chaguo za kawaida, inajipa jina la SQLEXPRESS, kwa hiyo anwani ya kuandika kwenye programu-jalizi si jina la kompyuta peke yake bali ni kama SEVA01\SQLEXPRESS. Kisha TCP/IP huwa imezimwa. Kwenye kompyuta yenyewe kila kitu kitafanya kazi, utafurahi, halafu wenzako mezani kwao hawataiona. Fungua SQL Server Configuration Manager, washa TCP/IP, iwekee poti ya kudumu 1433 badala ya kuiacha ijichagulie, anzisha upya huduma, kisha ruhusu poti hiyo kwenye faiawoli. Kwenye programu-jalizi za wenzako andika anwani kama SEVA01,1433. Ukiiacha ijichagulie poti, au ukiendelea kutumia jina la SEVA01\SQLEXPRESS, utalazimika pia kuwasha huduma ya SQL Server Browser na kuruhusu poti 1434 ya UDP.

Mtego wa pili ni draiva. Kuanzia ODBC Driver 18, muunganisho husimbwa kwa lazima isipokuwa useme vinginevyo, na seva yenye cheti ilichojitengenezea yenyewe itakataliwa kwa ujumbe kwamba mnyororo wa cheti hauaminiki. Wengi hurudi kwenye draiva 17 kuukimbia ujumbe huo. Njia ya heshima ni kuipa seva cheti kinachotambuliwa na kompyuta za ofisi. Kama huwezi leo, TrustServerCertificate=yes itakuvusha, nawe ujue kwamba hapo kompyuta haihakikishi inazungumza na seva ipi.

Mtego wa tatu ndio unaouma zaidi: Express haina SQL Server Agent, yaani haina mpangaji wa kazi wa ndani. Nakala rudufu hazitajifanya. Andika amri fupi ya BACKUP DATABASE, iendeshe kwa sqlcmd, uipangie Task Scheduler ya Windows kila usiku. Nakala hizo zisikae kwenye diski ile ile.

PostgreSQL: kwa mwenye mtu wa Linux, au asiyetaka mipaka

PostgreSQL ni bure bila kikomo cha ukubwa, viini wala kumbukumbu. Inakaa vizuri kwenye Windows pia, ila makazi yake ya asili ni Linux. Kompyuta ya zamani yenye diski ya SSD na UPS inaweza kuhudumia ofisi ya wachoraji ishirini bila kutoa jasho.

Nayo haisikilizi mtandao hadi uiambie. Kwenye postgresql.conf, listen_addresses huanza na localhost, yaani kompyuta yenyewe tu. Ibadilishe iwe anwani ya seva, kisha uanzishe huduma upya. Halafu kwenye pg_hba.conf ongeza mstari unaoruhusu hifadhidata moja, kundi moja la watumiaji, na masafa ya anwani za ofisi, mfano 192.168.1.0/24, kwa njia ya nywila ya scram-sha-256. Poti ni 5432. Napenda faili hilo, kwa sababu mtu yeyote anayelisoma anaona nani anaingia kutoka wapi. Msiandike 0.0.0.0/0, yaani anwani yoyote ile, kwa sababu ya haraka. Nimeona seva za kazi nzuri zikiachwa wazi hivyo, na hakuna aliyekumbuka kurudi kuzifunga.

Kwenye kompyuta za Visio utasakinisha psqlODBC, draiva ya ODBC ya PostgreSQL, kama programu-jalizi haina maktaba yake. Utaona draiva mbili kwenye orodha, moja ya ANSI na nyingine ya Unicode. Chagua ya Unicode ili majina yenye herufi za lugha nyingine yasiharibike.

Kuna jambo dogo linalowatoa watu jasho. PostgreSQL hubadilisha majina ya majedwali na safu kuwa herufi ndogo, isipokuwa yakiwa ndani ya alama za nukuu. Programu-jalizi iliyoandikwa kwa ajili ya SQL Server, ikihamishwa, itatafuta safu AssetID na kuambiwa haipo, wakati wewe unaiona kwa macho. Kama mwandishi wa programu-jalizi hajataja PostgreSQL kwenye orodha ya hifadhidata anazozikubali, usidhani kwamba ODBC italainisha tofauti hizo. Tarehe, thamani za kweli na uongo, na namba zinazojiongeza, zote huandikwa tofauti.

Nakala rudufu ni pg_dump iliyopangwa kwenye cron, mpangaji wa kazi wa Linux, jambo la dakika kumi. Upande wa utambulisho ndipo inapozidiwa na SQL Server: kuiunganisha na domeni ya Windows kunawezekana, ila kunadai kazi, na ofisi nyingi huishia kumpa kila mtumiaji nywila ya pili.

Biti 32 na 64: chanzo cha simu nyingi za msaada

Haijalishi umechagua hifadhidata ipi, hakiki hili kabla ya kusakinisha chochote. Visio, programu-jalizi na draiva lazima zilingane: zote za biti 64 au zote za biti 32. Hazichanganyiki. Ofisi nyingi zina kompyuta za zamani zilizosakinishwa Office ya biti 32 na mpya zenye biti 64, na ndiyo sababu utasikia kwamba kwa Asha inafanya kazi na kwa Juma hapana.

Windows yenyewe inachangia mkanganyiko. Dirisha la kusajili vyanzo vya ODBC la biti 64 liko C:\Windows\System32\odbcad32.exe, na la biti 32 liko C:\Windows\SysWOW64\odbcad32.exe. Majina ni yale yale, na folda ziko kinyume na unavyotarajia. Ukisajili chanzo upande mmoja, Visio ya upande wa pili haikioni.

Kama programu-jalizi haionekani kabisa kwenye Visio, angalia rejista ya Windows. Word na Excel huweka za kwao chini ya Microsoft\Office, lakini Visio husoma Software\Microsoft\Visio\Addins. Thamani ya LoadBehavior inapaswa kuwa 3. Ukikuta 2, maana yake ama kuna mtu aliyeizima, ama ilijaribu kuamka ikashindwa, na hapo mara nyingi chanzo ni draiva au maktaba iliyokosekana.

Nywila isikae ndani ya mchoro

Faili la .vsdx ni kifurushi cha zip chenye mafaili ya XML ndani yake. Maelezo ya muunganisho wa data huwa ndani ya kifurushi hicho, na ukikubali kuhifadhi nywila, nayo inaweza kuwa humo. Ukimtumia mkandarasi mchoro huo kwa barua pepe, umempa na ufunguo. Utambulisho wa Windows unaondoa tatizo hili lote, na ndiyo hoja nyingine inayoipandisha SQL Server Express. Kwa PostgreSQL, programu-jalizi iulize nywila au iisome kwenye hifadhi ya siri ya mtumiaji, kamwe isiwe kwenye mchoro.

Kasi inatoka kwa aliyeandika

Mara nyingi hifadhidata hulaumiwa bure. Kama programu-jalizi inatuma ombi moja kwa kila umbo, ukurasa wenye maumbo 400 utatuma maombi 400. Kwenye VPN yenye ucheleweshaji wa milisekunde 50, hizo ni sekunde 20 za kusubiri, uwe unatumia SQL Server au PostgreSQL. Iliyoandikwa vizuri huvuta rekodi zote za ukurasa kwa ombi moja. Kabla ya kununua, omba kuijaribu kwa muunganisho wa tawi lako la mbali, usiijaribu kwenye kompyuta moja na seva.

Uliza pia inafanya nini umbo linaponakiliwa. Kwenye Visio, ukinakili umbo unanakili na sehemu zake za data, pamoja na namba ya kifaa. Sharti la upekee kwenye jedwali halitaliona hilo, maana rekodi ni moja. Ni mchoro ndio wenye swichi mbili zinazodai kuwa kifaa kile kile. Programu-jalizi nzuri hugundua nakala na kukuuliza. Isiyofanya hivyo itakuharibia orodha polepole, na hakuna hifadhidata itakayokukinga.

Ningechagua hivi

Mchoraji mmoja, kompyuta moja: SQLite. Access ningeichagua hapo tu kama mtu huyo anataka kujitengenezea ripoti mwenyewe na tayari anaijua.

Wachoraji wawili au zaidi kwenye ofisi yenye domeni: SQL Server Express, bila kufikiri sana. Hata wakiwa wawili tu. Wawili wanaoandika kwenye faili moja la pamoja wanatosha kuliharibu.

Ofisi isiyo na domeni, yenye kompyuta mchanganyiko na mtu anayeijua Linux: PostgreSQL. Vilevile kama hifadhidata hiyo hiyo italisha mifumo mingine, mfano ukurasa wa ndani wa kuripoti hitilafu au ramani za QGIS (programu ya ramani), ambazo PostgreSQL huzihudumia vizuri kupitia nyongeza yake ya PostGIS. Lakini kama mtu huyo wa Linux ni wa mkataba wa miezi sita na hakuna wa kumrithi, rudi kwenye SQL Server Express, au mpe mfanyakazi mmoja wa kudumu muda wa kujifunza kabla mkataba huo haujaisha.

Na kama umekwisha kuanza na Access na imekuelemea, Microsoft hutoa bure SQL Server Migration Assistant kwa ajili ya Access, inayohamisha majedwali na data kwenda SQL Server. Kutoka SQLite kwenda PostgreSQL kuna pgloader. Siku ya kuhama, waombe wote wafunge Visio, chukua nakala ya hifadhidata na ya folda nzima ya michoro kwa wakati mmoja, kwa sababu mchoro wa Jumatatu ukikutana na data ya Alhamisi utakuonyesha vifaa ambavyo havipo. Hamisha, kisha fungua mchoro wenye maumbo mengi kuliko yote, badilisha rekodi moja kutoka pande zote mbili, na hesabu rekodi za kila jedwali kabla na baada. Namba zikilingana, badilisha anwani ya muunganisho kwenye kompyuta za wengine, na faili la zamani la Access ulifanye la kusomwa tu ili asiwepo atakayeendelea kuandika humo bila kujua.